Phew, wow, bravo: majibu ya maswali yenu

Vile vineno vidogo Waingereza wanavyoropoka wakifurahi au wakipona kitu vimewachanganya wengi, naona inbox imejaa. Najibu kadhaa leo.

"Phew" huwa naisoma tu kwenye chati, inatamkwaje na ni ya wakati gani?

Tamka "fyuu", sawasawa na ile "few" ya chache. Ni pumzi tu unayoishusha, umejipapasa mifuko yote ukajua simu imeibwa kumbe umeishika mkononi, phew! Sisi hapo ni "afadhali!" au "alhamdulillahi" au "asante Yesu" kila mtu na kwao, ila wao hiyohiyo wanaitoa pia joto likizidi au wakimaliza kupanda ngazi za ghorofa ya nne, kwa hiyo usikimbilie kumpa mtu pole ya ajali. Na usiandike "pew" jamani, pew ni lile benchi la kanisani, af kwa Wamarekani ni mtu kaziba pua kuna kitu kinanuka. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia bosi "pew, nimeipata ripoti yako", siku nzima hakunijibu.

Mwalimu wetu anasema "wow" ni ya vijana wa siku hizi, kweli?

Mwambie taratibu kwamba Gavin Douglas, mshairi wa Scotland aliyekuja kuwa askofu, aliiandika kwenye tafsiri yake ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, aliyoimaliza 1513. Ujana gani huo. Cha kuangalia ni sauti, ukivutwa "woooow" umesifiwa, ukijibiwa "wow." kavu na nukta juu, hapo umekera mtu.

Bravo ni Kiingereza au wamekopa?

Wamekopa kwa Waitaliano, iliingia na muziki wa opera karne ya 18. Waitaliano wenyewe wanaigeuza kufuata anayesifiwa, mwanaume bravo, mwanamke brava, kundi bravi, kama sisi tu tunavyosema huyu mzuri na hawa wazuri, sasa Mwingereza hana habari na hayo, bravo kwa wote basi. Lakini ukikaa na wale wapenzi wa opera ukasikia mtu anampigia dada "brava!" usicheke, hajakosea.

Hip hip hooray, nani anasema nini?

Mmoja anaita "hip hip", wote mnaitika "hooray", kawaida mara tatu. Ni kama mkutanoni mtu akiita "wananchi hoyee!" na nyie "hoyee!"

Yay na yea?

Zinatamkwa sawa, "yei". Yay ni furaha, yea ni ndiyo ya kizamani, ya Biblia ya King James na ya kura kule Bunge la Marekani. Yeah ni nyingine tena, ile ndiyo ya maongezi ya kila siku.

Kwenye kikao mzungu kasema "hear hear", anaomba tusikilize?

Hapana, anaunga mkono. Ilianzia bunge la Uingereza, zamani ilikuwa "hear him", msikilizeni huyu, ikafupishwa. Kule makofi ndani ya ukumbi sio desturi ndo maana wanaropoka hivo, wa kwetu wanapiga meza. Na ni hear, sio here.

Nikialikwa chakula kitamu niseme yum?

Yum ni ya watoto, mtu mzima ugenini unaguna tu "mmm" huku unasogeza sahani uongezewe.