Kompyuta na daktari kwenye picha za retina

Je, kompyuta imemshinda daktari katika kusoma picha za macho? Hapana, haijamshinda kwa kila kitu. Inamkaribia sana kwenye kazi moja: kugundua madhara ya kisukari kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. IDx-DR, programu iliyoidhinishwa Aprili 2018 na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilijaribiwa kwa picha za wagonjwa 900. Iliwanasa kama asilimia 87 ya waliofaa kupelekwa kwa bingwa wa macho, na kuwaondoa kwa usahihi kama asilimia 90 ya wasio na tatizo hilo. Kumbuka majibu yake yalipimwa dhidi ya usomaji wa watu waliofunzwa, kwa hiyo rula yenyewe bado ni jicho la binadamu.

Faida yake kubwa ni kwamba jibu linatoka papo hapo, hata kituoni pasipo na bingwa. Ila picha ikiwa na giza au ukungu, programu inaikataa, na huko Thailand programu ya Google ilikataa zaidi ya moja ya tano ya picha za kliniki. Pia programu hizi hutafuta zilichofundishwa tu. Glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho) au uvimbe zinaweza kuupita bila kuuona. Ukiona ukungu au vitu vyeusi vikielea, muone daktari hata kama mashine imesema uko sawa.