Kanisa la Kiambaa: liliteketea au liliteketezwa?

SWALI: Mwalimu, mhariri wangu amenifutia "kanisa la Kiambaa liliteketezwa" akaandika "liliteketea", kwa kuwa walioshtakiwa waliachiliwa na mahakama. Je, yuko sawa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hayuko sawa, na kosa lenyewe ni zito.

Nyumba huteketea kwa hitilafu ya umeme au kibatari kilichoanguka. Ikiteketezwa, kuna mtu aliyeiteketeza, ajulikane asijulikane. Ndiyo maana twasema "iliteketezwa na watu wasiojulikana" na sentensi ikakamilika.

Sasa tazama tukio. Tarehe 1 Januari 2008, siku mbili baada ya matokeo ya urais kutangazwa, umati ulilizingira kanisa hilo la Kenya Assemblies of God karibu na Eldoret. Ndani walikuwemo Wakikuyu waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, inaeleza jinsi magodoro na blanketi zilivyotiwa petroli, zikawashwa na kutupwa ndani, huku waliojaribu kutoka wakisukumwa warudi motoni. Huwezi kuyasimulia hayo kwa "liliteketea".

Aprili 2009, Jaji David Maraga wa Mahakama Kuu ya Nakuru aliwaachilia wanaume wanne kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, akawalaumu polisi kwa uchunguzi duni. Hukumu hiyo iliwahusu wanne hao. Haikusema kwamba moto ulizuka wenyewe. Kwa hiyo usiwaite "wachomaji" kamwe. Walikuwa washukiwa (Tanzania wangeitwa watuhumiwa), kisha washtakiwa, na mwishowe hawakupatikana na hatia.

Kuhusu The Hague, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), chunga zaidi. Kiambaa ilikuwa miongoni mwa matukio katika kesi ya mwanasiasa William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua Sang kuhusu ghasia hizo. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wa ICC waliikatiza kesi hiyo kwa uamuzi wa wengi, bila kutangaza kwamba wawili hao hawana hatia. Andika "mashtaka yalifutwa", uishie hapo.

Na ukiwa unasahihisha, tazama pia "waliofariki". Ni neno la staha, na linamfaa mzee aliyeondoka kwa maradhi kitandani mwake. Wa Kiambaa waliuawa, hata wale waliokata roho baadaye hospitalini kwa majeraha ya moto ule.