Chanjo ya ndigana kali na kuogesha

Pole ndugu kwa hao ndama watatu uliowapoteza. Umeuliza kama ukichanja ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, utaacha kuogesha kwa dawa ya kupe. Usiache. Chanjo hiyo, matunda ya utafiti wa Muguga, Kenya, ni vimelea hai vya ugonjwa huo vinavyochomwa pamoja na antibiotiki ya oksitetrasaiklini, ndama augue kidogo apate kinga ya miaka. Haizuii ndigana baridi wala maji moyo, magonjwa mengine ya kupe, na kupe bado wapo.

Chanjo hutunzwa ikiwa imegandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali. Mtu akikuletea iliyoyeyuka tangu jana, mfukuze. Mchanjaji awe mtaalamu aliyesomea.

Mimi wangu niliwapima joto kila asubuhi wiki tatu baada ya chanjo. Mitoki ikivimba chini ya sikio na joto likipita nyuzi 40, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ukisubiri mpaka ahemee juujuu, hela ya dawa umeitupa.