Kuliko si badala ya

Swali: Ninaandika programu za kompyuta. Kiongozi wa timu yetu ametundika bango ukutani: "Programu inayofanya kazi badala ya nyaraka." Mwenzangu anashikilia kuwa neno "nyaraka" limechakaa, tuseme "hati". Nani yuko sahihi?

Jibu: Nyaraka ni sawa. Umoja wake ni waraka, kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni jani la mti. Hati nayo haina kosa, ingawa mimi nikiisikia nawaza nyumba na mashamba. (Ninyi wa "nyaraka hii", zamu yenu inakuja. Ni waraka huu, nyaraka hizi.)

Kilichonichefua ni hiyo "badala ya". Maneno ya bango yametoka katika Ilani ya Ajaili (Agile Manifesto), tamko la waunda programu kuhusu namna bora ya kufanya kazi yao, waliloliandika watu 17 huko Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001. Watu hao hawakufukuza nyaraka. Walisema wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kina, na chini yake wakakiri kuwa hata vitu vya upande wa pili, nyaraka zikiwemo, vina thamani. Walilinganisha tu. Mfasiri wenu akatoa talaka, tena akala na "za kina".

Nikisema "nampenda bibi kuliko shangazi", shangazi yupo: kaketi mkekani, anakula pilau, kanuna kidogo kwa kuwa kanisikia. Nikisema "nimemwalika bibi badala ya shangazi", shangazi yuko kwake Korogwe, hana kadi, na ukoo mzima utanidai maelezo hadi Idi ijayo. Badala hutoa kimoja ikaweka kingine. Kuliko, litazame vizuri: ku-li-ko. Hiyo "li" ni ya kuwa. Shangazi yumo ndani ya neno lenyewe!

Najua mnavyolitumia bango hilo. Aliyejenga mfumo kaacha kazi, mnapekua jumbe zake za WhatsApp mjue alikuwa na maana gani, na anayeuliza waraka uko wapi anaonyeshwa ukuta. Usanifu, yaani kupanga muundo wa programu, nao mmeufagia humohumo, wakati mojawapo ya kanuni 12 za ilani hiyohiyo inasema usanifu mzuri huongeza wepesi.

Andikeni: "Tunathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka za kina." Kitenzi msikiache, kuliko haining'inii hewani. Kama bango limegharimu fedha, kateni "badala ya" kwa kalamu nene. Mwenzako mwacheni na hati zake.