Arusha hadi Moshi kwa miguu: maandalizi ya matembezi ya siku tatu ya saratani ya matiti

Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi. Kwa miguu ni zaidi ya hatua 100,000 kwa kila mtu, kwenye lami, na kwa sababu Oktoba ndio mwezi wa saratani ya matiti, ni kwenye jua la Oktoba. Wengi wanaojiandikisha kwa matembezi haya ya kuchangia wagonjwa huogopa pumzi. Pumzi si tatizo: anayepanda na kushuka Ilboru au Kibosho kila siku anayo ya kutosha. Kinachowatoa watu njiani ni ngozi ya miguu, tena mara nyingi siku ya pili, kwa jambo dogo lililopuuzwa siku ya kwanza. Kwa hiyo tunaanzia miguuni.

Raba na soksi

Mtu akitembea saa sita miguu huvimba. Raba inayokaa vizuri dukani saa tatu asubuhi itakuwa inakubana ukifika Maji ya Chai. Nunua jioni, miguu ikiwa imechoka, ukiwa umevaa soksi utakazotembelea, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Njia hii inaidai nafasi hiyo kuliko nyingine. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko chini ya mita 900, kwa hiyo unashuka polepole bila kujua kama unashuka, na kila hatua inasukuma vidole mbele. Ndipo kucha zinapogeuka nyeusi. Zikate kwa kunyoosha, usizichonge pembeni, siku nne au tano kabla ya kuondoka.

Raba za mtumba za soko la Kilombero (Arusha) au Memorial (Moshi) zinafaa kabisa ukizichunguza. Bonyeza soli kwa pembeni na kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji yake imekufa hata kama juu inang'aa. Ikunje: ikunjike kwenye vidole, si katikati ya unyayo. Kagua gundi pande zote, maana raba iliyokaa miaka mingi stoo huachia soli ikikutana na lami ya moto. Ukiipata, itembelee jumla ya kilomita 80 au zaidi kabla ya siku yenyewe. Kiatu kipya kisivaliwe siku ya kwanza, hata kama kimetolewa na mfadhili.

Soksi za pamba tupu ziache nyumbani. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, ngozi iliyolowa hulainika, na ngozi laini ikisuguliwa tabaka lake la juu huachana na la chini. Hilo ndilo lengelenge. Tafuta soksi nyembamba za nailoni au za mchanganyiko wa sufi, zisizo na mshono mnene kwenye vidole, jozi mbili kwa kila siku. Katikati ya safari vua, futa miguu, ipate hewa dakika kumi, paka mafuta ya mgando kidogo kati ya vidole, vaa jozi kavu. Mafuta hayo hayo yapakwe kwapani, chini ya mkanda wa sidiria na katikati ya mapaja. Anayetembea na gauni au sketi avae taiti ndani.

Lengelenge halitokei ghafla. Huanza kwa joto: sehemu moja ya mguu inawaka kama imeguswa na pilipili. Hapo ndipo pa kusimama, si kituo kinachofuata. Watu hawasimami kwa sababu kundi linaimba na linakwenda, na hakuna anayetaka kubaki peke yake barabarani. Kwa hiyo kiongozi wa kila kundi atangaze kabla ya kuondoka kwamba anayesimama anasubiriwa na mwenzake mmoja. Vua kiatu, futa jasho na mafuta kwa spiriti, maana plasta haishiki ngozi yenye mafuta, kisha bandika plasta ya kitambaa, ile ya roli. Pembe zake zikatwe ziwe mviringo zisije zikajikunja, na isiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo ni lengelenge jingine.

Likishajaa maji, kama ni dogo na haliumi, lifunike tu. Kubwa linalozuia kukanyaga litobolewe hivi: mikono inawiwe, ngozi isafishwe kwa sabuni na maji, sindano iwe mpya ya kutoka kwenye pakiti, matundu mawili madogo pembeni upande wa chini, kisha lisukumwe taratibu kwa gozi safi. Ngozi ya juu isivuliwe, ndiyo bendeji bora kuliko zote. Usipitishe uzi ndani, uzi ni njia ya vijidudu. Mwenye kisukari asitobolewe kando ya barabara, apelekwe kwa mhudumu wa afya. Ukiona usaha au wekundu unaopanda kuelekea kifundo, huyo asiendelee kutembea.

Wiki kumi na sita

Matembezi ya siku tatu ya namna hii yalianzia California mwaka 1998, na huko umbali ni maili 60, karibu kilomita 96. Ratiba zao za mazoezi huwa za wiki 16 hadi 24. Kwa kilomita 80, wiki 16 zinatosha. Anza na kilomita 5 mara tatu kwa wiki, ongeza kidogo kidogo, si zaidi ya sehemu moja ya kumi ya jumla ya wiki iliyopita. Kosa tunaloliona kila mara ni kutembea kilomita 20 kila Jumamosi na kulala Jumapili. Mwili unapaswa kujifunza kutembea ukiwa na uchovu wa jana, kwa hiyo tembea siku mbili mfululizo. Wiki tatu kabla ya safari fikisha kilomita 25 Jumamosi na 18 au 20 Jumapili, baada ya hapo punguza. Ukiwa Moshi, njia ya kupanda hospitali ya KCMC ni nzuri, ukiwa Arusha, nenda Ngaramtoni na kurudi. Ila fanya mazoezi mawili matatu mchana wa jua kali, ukiwa na kofia na chupa utakayobeba.

Maji na chumvi

Wahudumu wa vituo wakiwa na moyo mwema kupita kiasi humsukuma kila mtu anywe, anywe tena. Ni hatari. Anayekunywa maji matupu kuliko anavyotoa jasho hushusha chumvi ya damu: kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, kisha anachanganyikiwa. Wenzake hudhani ni kiu na wanamwongeza maji. Kunywa kwa kiu yako, kwa wengi ni kati ya nusu lita na robo tatu kwa saa. Kila kituo kiwe na kitu cha chumvi: karanga zenye chumvi, mayai ya kuchemsha, viazi. ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ichanganywe kama pakiti inavyosema, na usikoleze ukidhani itafanya kazi haraka. Mkojo wa rangi ya majani makavu ni sawa. Ukiwa kama chai ya rangi, pumzika kivulini unywe. Aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali bila mjadala.

Asubuhi uji wa ulezi na chapati, saa moja kabla. Njiani ndizi mbivu na mihogo ya kuchemsha. Matunda yaliyokwisha kukatwa na kachumbari za barabarani ziache hadi mmefika. Jioni mtori, ambao una maji, chumvi na wanga kwa pamoja.

Anayetembea baada ya upasuaji

Hawa ndio wenye matembezi yao, na mara nyingi ndio wasioulizwa wanahitaji nini. Aliyeondolewa tezi za kwapani anaweza kupata uvimbe wa mkono upande huo, na kutembea saa nyingi mkono ukining'inia kwenye joto huuongeza. Asibebe begi upande huo. Pete na bangili avue asubuhi, kabla vidole havijavimba. Kila nusu saa anyanyue mkono juu ya moyo, afumbe na kufumbua ngumi mara kumi na tano au ishirini. Kama daktari wake alimpa soksi ya mkono ya kubana, aivae tangu mwanzo, asingoje uvimbe. Ngozi ya mkono huo ilindwe na jua na mikwaruzo. Aliye katikati ya dawa za kemo apate ruhusa ya daktari kwanza, na apangiwe kilomita mbili za mwisho akitaka. Kumaliza pamoja naye kunatosha. Sidiria yenye titi la bandia huongeza joto na jasho, kwa hiyo kituo kiwe na hema au chumba chenye mlango ambapo mtu anaweza kuvua, kujifuta na kuvaa tena kwa stara.

Njia na barua

Kamati nyingi hugawa njia kwa kuangalia ramani: Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi. Kwa mpango huo siku ya pili ndiyo ndefu kuliko zote, na mnaingia kwenye nyika kati ya Kikatiti na njia panda ya KIA jua likiwa limeshapanda. Kule ni upepo, vumbi, na kivuli cha kuhesabu. Ni afadhali kulala Kikatiti siku ya kwanza. Ni zaidi ya kilomita 30, lakini miguu ni mipya na kupitia Tengeru na Usa River kuna miti. Siku ya pili mnaianza nyika saa kumi na mbili asubuhi na kulala Boma Ng'ombe. Siku ya tatu ni kilomita 25 hivi, na kama mnamalizia KCMC jueni kwamba kutoka mjini ni mlima. Pimeni kwa gari kabla ya kutangaza umbali, watu walioambiwa 80 hawasamehi 84.

Kundi na mapumziko yake huenda kilomita 4 kwa saa. Vituo viwe kila kilomita 4 au 5. Siku ndefu ya saa nane, watu 100 kwa lita sita kila mmoja ni madumu 30 ya lita 20, bila kuhesabu maji ya kunawa. Vyoo vinaombwa mapema, kwenye usharika, parokia, msikiti, shule au kituo cha mafuta, mkipeleka sabuni na karatasi zenu. Mnapolala panahitaji vyandarua.

Magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo mtembee kulia mkiyatazama, wawili wawili, kila mtu na kizibao cha riflekta. Barabara ya njia nne inaishia Tengeru, baada ya hapo Coaster zikipishana na malori ukingo unakuwa mwembamba. Jeshi la Polisi lipewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, lakini wiki tatu ndizo zitakazowapa askari wa usalama barabarani. Kumbukeni mnavuka mikoa: barua ya Arusha haina nguvu wilayani Hai, andikeni na mkoa wa Kilimanjaro. Nyuma kabisa liwe gari la kuokota waliochoka, na gari la wagonjwa liwe jingine.

Pesa

Katika matembezi ya siku tatu ya shirika la saratani ya matiti la Susan G. Komen kule Marekani, mtembeaji huleta angalau dola 2,300 ndipo atembee. Hapa tunao mfumo wetu, na ni mzuri: kamati, kadi na ahadi, kama za harusi. Kila mtembeaji apewe kadi 20 zenye namba, arudishe zote, zilizojazwa na zisizojazwa. Mchango uende moja kwa moja kwenye lipa namba ya kamati au akaunti yenye watia saini watatu, usipite kwenye simu ya mtu. Ahadi zifuatiliwe kabla ya kutembea. Baada ya picha za kumaliza, ahadi hupoa.

Gharama za fulana, maji na mafuta ya gari zitafutiwe mfadhili na ziwe na daftari lake. Anayechanga 5,000 anajua anamchangia mgonjwa, si fulana. Na neno "mgonjwa" liandikwe wazi kwa makubaliano na hospitali: ni gharama za kuchukua kinyama cha kupima, kipimo cha vipokezi vya homoni (kinachosaidia kuchagua dawa), dawa, au nauli na malazi ya anayetoka Same au Karatu? Nauli huonekana jambo dogo, lakini mama anayekosa nauli hukosa mzunguko wa dawa.

Mkitaka wauguzi wachunguze matiti vituoni, panga kwanza atakayekutwa na uvimbe ataenda wapi, siku gani, na nani atamlipia kipimo. Kama hilo halijajibiwa, toeni elimu tu: uvimbe, hata usiouma, ni wa kuwahi, vilevile ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuzama au kutoa damu, tezi la kwapani kuvimba. Uvimbe mwingi si saratani, na wanaume pia huugua, ingawa wachache. Kila anayeelezwa aondoke na karatasi yenye jina la kliniki na siku zake.

Hesabu itoke ndani ya wiki mbili, kwenye kundi lile lile la WhatsApp lililoomba michango: kilichoingia kwa namba za kadi, kilichotumika, na picha ya stakabadhi ya hospitali.