Komba abaki kwenye tawi lake

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: picha za rangi za maji zinazoonyesha wanyama wetu wakielea kati ya nyota na sayari ni sanaa yetu, au ni kuiga? Swali limenigusa. Jioni huwa nafundisha watoto kuchora hapa Lindi mjini, na mzazi mmoja alishanijia juu kwa jambo hilihili, kashika picha ya mwanawe ya twiga aliyesimama mwezini.

Kuhusu kuiga sitakawia. Anayedhani watu wa kusini hawajui kumtoa kiumbe katika umbo lake na pori lake, basi hajawahi kushika kinyago cha shetani cha Kimakonde, jicho huku, mdomo kule. Na Edward Said Tingatinga, mtoto wa Tunduru, jirani zetu hapo, alipoanza kupaka wanyama kwenye vibao kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, chui wake hakuwa chui wa kupigwa picha. Kwa hiyo mtoto akitaka kumpandisha twiga mwezini, na ampandishe. Hilo nilikuwa nimelimaliza kabla sijashika kalamu.

Swali linaloninyima raha ni jingine: mnyama gani, na anakwenda huko kufanya nini?

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anakaa na bibi yake nyumbani Rondo, kule uwandani juu, mkoani mwetu humuhumu Lindi. Wanaoijua Rondo wanaujua ule ukungu wake wa asubuhi na msitu wake. Humo anaishi komba mdogo sana, uzito wake kama gramu 60 tu, na wataalamu wamempa jina la Rondo yenyewe. Zaidi ya hapo anapatikana katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, basi, na misitu hiyo inazidi kukatwa. Usiku mmoja tulimsikia komba akilia nyuma ya nyumba. Tukatoka na tochi. Hatukuona mwili wala mkia, tuliona macho mawili tu yakiwaka juu ya mti, maana nyuma ya jicho la komba kuna utando unaourudisha mwanga. Asubuhi yake binti akaniambia anataka kumchora komba akiwa angani.

Nilikuwa na karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ile ambayo haijikunji ikilowa kama manila ya shuleni. Akaniuliza, "Mjomba, nyota nizipake na nini? Nyeupe haimo humu." Nikamwambia kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, anayetaka nyota lazima ajue pa kutogusa. Akachukua kipande cha mshumaa, akadonoadonoa juu ya karatasi kavu. Halafu akailowesha kwa maji safi, akaparuka pa kumweka komba, akatia nili, akatia zambarau kidogo pembeni, akaiinamisha. Rangi zikatafutana zenyewe. Pale mshumaa ulipopita, maji yakakataa kukaa, pakabaki vitone vyeupe.

Kisha ikaja chumvi. Jikoni kwa bibi kulikuwa na chumvi ya mawe, hiihii ya mashamba yetu ya chumvi ya pwani. Ukiitupa karatasi ikiwa bado imechuruzika maji, inayeyuka na kuacha dimbwi hafifu lisilo na sura. Ukichelewa, rangi imeshashika na chumvi haifanyi kitu. Unangoja ule mng'ao wa maji uanze kufa. Kwa ukungu wa Rondo, kungoja huko si mchezo. "Bado, mama," nilikuwa namwambia, naye kashika chumvi kiganjani mpaka imeanza kutota. Alipoitupa, kila punje ikavuta maji kwake na kuisukuma rangi pembeni, taratibu, mbele ya macho yetu. Ilipokauka akazipangusa punje kwa mkono, na chini yake pakawa na vinyota vyenye miale, kila kimoja na umbo lake. Hakuna brashi inayoweza kazi hiyo.

Komba alimchora mwisho, kahawia iliyokolea, kajikunyata kwenye tawi. Upande mmoja wa anga haukuwa umekauka vizuri, nili ikaingia sikioni. Akataka kulia. Nikamzuia asiguse, na ule mchirizi ulipokauka ukawa manyoya. Kwenye kila jicho akaacha kitone cha karatasi tupu, weupe uleule wa nyota.

Nikamuuliza mbona hakumvalisha kofia ya mwanaanga, maana nilishamwonyesha picha zao. Akaniangalia. "Ya nini, mjomba? Si yuko kwenye mti wake!" Mama yangu akaichukua picha, akaiangalia akasema, "Ndiye huyu anayetupigia kelele usiku." Akaondoka nayo.

Nimeandika mpaka hapa na naona msimamo wangu wa mwanzo unaanza kunikatalia. Wanyama walikwenda angani kweli, kabla ya watu, na hawakuulizwa. Mbwa Laika alirushwa Novemba 1957, hapakuwa na mpango wowote wa kumrudisha, akafia huko. Sokwe Ham, aliyerushwa na Wamarekani Januari 1961, alikamatwa mdogo katika misitu ya Kamerun. Yeye alirudi hai, lakini msituni kwao hakurudishwa. Nasi hapa Lindi tunajua maana ya kiumbe wa kwetu kupelekwa mbali. Mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru hapa mkoani kwetu ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mpaka leo amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Watoto wangu wa jioni wanamjua kwa picha.

Kwa hiyo twiga mwenye kofia ya kioo, anayetabasamu kando ya sayari yenye pete, sasa nikimtazama simwoni kama mchezo mtupu. Ni mnyama aliyevalishwa safari ya mtu mwingine. Komba wa mpwa wangu hakupelekwa popote. Anga ndilo lililoteremshwa likamfuata alipo, na usiku ni wake tangu zamani.

Mkihesabu majibu, niwekeni upande wa "ni sanaa yetu", ila kwa masharti. Mnyama abaki na mwili wake, na mchoraji awe amewahi kumtazama, hata kama ni macho tu kwenye mwanga wa tochi. Mtoto wa darasa la pili simwekei masharti hayo. Yule wa twiga wa mwezini aendelee, na mzazi wake nilimwambia hivyo. Wakubwa wanaouza picha ndio ninaowadai. Na wapo wanyama ambao mimi mwenyewe ningewachora angani bila kusita: wale kobe wa Warusi waliouzunguka mwezi mwaka 1968 na kurudi duniani wakiwa hai. Wale walifika kweli. Lakini ningewachora ndani ya chombo chao, wamekonda, maana walisafirishwa bila chakula.

Msomaji wenu, Lindi