Ukisahau Sala ya Kutubu mbele ya padri

Unasema miaka mingi hujaungama na unaogopa kukwama kwenye Sala ya Kutubu, ile sala ya majuto tunayosali Wakatoliki tunapoungama dhambi kwa padri. Ndugu yangu, iandike kwenye karatasi uingie nayo. Hakuna anayekukataza kusoma. Mimi niliwahi kuanza vizuri, "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako...", kisha kichwa kikawa cheupe kabisa. Padri akasema taratibu maneno yaliyofuata, nikayarudia. Yakaishia hapo, wala hakushangaa.

Tena hiyo tuliyokariri katika katekisimu siyo pekee inayokubalika. Kitabu cha ibada ya Kitubio (sakramenti ya kuungama) cha mwaka 1973 kina sala kadhaa za majuto, na moja ni fupi mno: "Bwana Yesu, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Unaweza pia kutumia maneno yako mwenyewe. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja tu akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Maneno yanayopaswa kutamkwa sawasawa ni ya padri anapotoa maondoleo ya dhambi. Kwako wewe kinachotakiwa ni majuto ya kweli, kuungama dhambi za mauti (dhambi kubwa) zote unazozikumbuka, na nia ya kutimiza malipizi utakayopewa, yaani sala au tendo jema la kufidia dhambi.

Ukipiga magoti tu, mwambie: "Padri, nina wasiwasi, ni muda mrefu sijaungama, naomba uniongoze." Atakuuliza yeye hatua kwa hatua. (Na malipizi usiyaweke kesho, yatakuponyoka.)